Jioni Xi'an, mtaa wa Wahui: nini ule, na wapi uulize kwanza

Ukiwa Xi'an, China, shuka treni ya chini ya ardhi, laini ya 2, kituo cha Zhonglou, utembee hadi mnara wa ngoma. Ukipita chini ya lango lake umeingia Beiyuanmen, mtaa wa Wahui, Wachina Waislamu. Moshi wa mishikaki utakupokea, na aliyezoea Forodhani pua yake itadhani imerudi nyumbani.

Mishikaki ni ya kondoo, na kiungo kinachotawala ni binzari nyembamba. Pilipili hunyunyizwa bila kuulizwa, kwa hiyo wahi kusema "bu la", usitie kabisa, au "wei la", kidogo tu.

Kwa asiyekula nguruwe mtaa huu ni raha: tafuta maandishi 清真, yaani halali. Lakini usijisahau ukitoka. Mkate uliojazwa nyama, roujiamo, hapa ni wa ng'ombe au kondoo. Ukiununua kwingine mjini, mara nyingi ni nguruwe. Jina lile lile, sura ile ile.

Ukiwa na nafasi, kaa chini ule yangrou paomo. Utapewa bakuli na mkate mgumu, uumege mwenyewe vipande vidogo kama punje za njugu, kisha bakuli lirudi jikoni likamwagiwe supu ya kondoo. Ukimega mapande makubwa kama ya kuchovya kwenye mchuzi, supu haiingii ndani. Wenyeji humega huku wakipiga soga, na mimi naona hapo ndipo utamu ulipo.

Sasa mizani. Kipimo cha sokoni ni jin, nusu kilo, si kilo. Vitu vitamu vya karanga na matunda makavu huweza kuandikwa bei ya liang, gramu 50. Niliwahi kusoma bei nikaona rahisi, muuzaji akakata pande, mizani ikanitoa jasho. Uliza kipimo kabla kisu hakijashuka, na uonyeshe kwa vidole ukubwa unaoutaka.

Malipo ni kwa simu, kwa programu ya Alipay au WeChat. Unganisha kadi yako ya benki ungali chumbani. Noti ndogo weka mfukoni kwa dharura, simu ikiishiwa chaji.

Beiyuanmen kumejaa watalii. Ukishaiona mara moja, nenda Sajinqiao, kituo chake kiko laini ya 1. Huko ndiko wenyeji wanakopanga foleni. Ukikuta maandazi ya tunda jekundu la shizi (persimoni), yanayokaangwa, uyale yangali moto. Yakipoa hunata menoni.