Koki inadondosha maji? Badilisha mpira wake

Koki ya kuzungusha ikidondosha maji hata ukiifunga, mara nyingi ulioisha ni mpira wa ndani. Koki yenyewe bado nzima.

Funga kwanza maji ya nyumba nzima, kisha fungua koki ili yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ikidumbukia humo, kazi imeongezeka. Ng'oa mkono wa koki kwa bisibisi, halafu legeza shina, yaani kile kipande kinachozunguka chini ya mkono huo, kwa spana ukizungusha kushoto, huku mkono mwingine umeshika mwili wa koki, la sivyo utapinda bomba ukutani.

Mpira uko mwisho wa shina. Ukiwa na mfereji wa duara au umekakamaa, umeisha. Nenda nao dukani kama kipimo, maana mpya ukizidi au ukipungua kidogo tu, maji yatapita.

Kabla ya kurudisha, pitisha kidole ndani ya koki, pale mpira unapokalia. Pakikwaruza, mpira mpya hautadumu. Safisha au pasawazishwe na fundi.

Maji yakitokea kwenye shina, chini ya mkono wa koki, hilo ni tatizo jingine: kaza nati ya shina robo mzunguko.

Na usikabe koki kwa nguvu. Ndiyo inayokata mipira.