Jinsi ya Kuchagua Zawadi za Jadi za Kijapani Zilizo za Kweli

Anayetaka kurudi nyumbani na kazi ya mikono ya Kijapani, na si picha ya Mlima Fuji iliyochapwa juu ya plastiki, akigeuze chombo na kukitazama chini kabla hajavutiwa na rangi yake ya juu. Kando ya mahekalu yenye wageni wengi, bidhaa za viwandani huuzwa bega kwa bega na kazi za mafundi, na bei peke yake haitoshi kuzitofautisha.

Alama ya kwanza ya kutafuta ni kibandiko chenye herufi 伝 pamoja na duara jekundu. Hupewa bidhaa zilizotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 1974, ambayo inataka kazi ifanywe zaidi kwa mkono, kwa ufundi uliodumu takriban miaka 100, katika eneo linalojulikana kwa kazi hiyo. Aina zilizotambuliwa zimezidi 240. Hata hivyo, kukosa kibandiko si ushahidi wa udanganyifu, kwa kuwa mafundi wengi hawakitumii.

Bakuli zinazong'aa ndizo zinazowapoteza wanunuzi wengi. Bakuli la kweli ni la mti, lililopakwa tabaka baada ya tabaka za urushi, yaani utomvu wa mti wenye jina hilo. La kuiga ni plastiki iliyopuliziwa rangi. Soma lebo: herufi 漆 humaanisha urushi, 天然木 humaanisha mti halisi, na ukiona ABS, hiyo ni plastiki. Miongoni mwa zinazosifika sana ni kazi za Wajima, mji ambao karakana zake ziliharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi la tarehe 1 Januari 2024.

Kwa birika za chuma za Nambu, kutoka mkoa wa Iwate, funua kifuniko. Ile ya kuchemshia maji, tetsubin, kwa kawaida haina enameli ndani. Ndogo yenye enameli ni ya kutengea chai tu na haifai kuwekwa motoni. Zote ni nzito, kwa hiyo pima mzigo wako mapema.

Mwenye mfuko mwepesi achukue tenugui, kitambaa chembamba cha pamba. Kilichotiwa rangi kwa njia ya chusen, yaani kumimina rangi mpaka ipenye kitambaa, huonyesha nakshi sawasawa pande zote mbili, ilhali kilichochapwa hufifia upande wa nyuma. Ncha zake huachwa bila kupindwa, kama kanga iliyotoka dukani, na hiyo si kasoro.

Mihuri na vinyago vya pembe za ndovu viache hapo hapo hata muuzaji akisema ni vya kale, kwa sababu mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini unabana mno usafirishaji wake. Kisu cha Sakai, mji unaosifika kwa visu, kinaruhusiwa, ila kifungwe vizuri ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege.