Kuonja kahawa ukiwa na thairoidi, na kuikwepa chapati ya saa nne

Kazi yangu ni kuonja kahawa hapa Moshi. Asubuhi yenye sampuli nyingi nazunguka meza na kijiko: navuta, natema, naandika alama, naenda kikombe kinachofuata. Bahati yangu sasa: tezi yangu ya thairoidi, ile ya shingoni, imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na dawa ninayomeza kila siku, levothairoksini, haipatani na kahawa hata kidogo.

Kwa hiyo anza na saa. Kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine chochote. Kahawa ikikifuata upesi, mwili haukinyonyi vizuri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakimeza ndani ya daladala, baada ya dakika ishirini nipo mezani. Nikijipa moyo kwamba si natema? Vikombe hamsini, kuna kinachoshuka tu. Kipimo cha TSH, homoni inayopanda tezi ikilegea, kikawa hakishuki, dozi ikaongezwa, kumbe tatizo lilikuwa daladala. Siku hizi kidonge na glasi ya maji vinalala kando ya kitanda. Alamu inalia saa kumi na moja alfajiri, nameza, narudi kulala. Kama una zamu zinazobadilika, muulize daktari kuhusu kumeza usiku, zikiwa zimepita saa tatu tangu ule.

Vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) na vya kalsiamu vikae mbali na dawa hii kwa saa nne; mimi vya damu nameza na chakula cha mchana. Na akina dada, vile vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga majibu ya maabara. Viache siku mbili kabla ya kupima.

Tumbo nalo. Kama thairoidi yako ni ya Hashimoto, yaani kinga ya mwili inaishambulia tezi, omba upimwe na siliaki, ugonjwa ambao ngano huufanya mwili uumize utumbo wake wenyewe, kwa sababu magonjwa haya hupenda kufuatana. Ila usiache ngano kabla ya kipimo! Mimi niliacha kwa ushauri wa jirani, tumbo likatulia, nikaenda kupima kwa mbwembwe. Daktari akanirudisha kula ngano kila siku wiki sita, maana bila hiyo damu haionyeshi kitu. Wiki sita za tumbo kujaa kama ngoma. Majibu yakaja: siliaki sina, ila ngano hainifai.

Ofisini mtihani ni chai ya saa nne. Mama lishe wetu anakuja na chapati, maandazi, sambusa na mihogo. Nikahamia kwenye mihogo, na tumbo likaendelea kuuma. Siku moja nikamuuliza, "Mama, mihogo unakaanga mafuta gani?"

"Hayo hayo ya maandazi, mwanangu. Mafuta bei gani siku hizi?"

Hakunificha. Tukakubaliana mihogo iingie kwanza, mafuta yakiwa mapya, na yangu aifunge pembeni. Wenzangu waliniita Mzungu kama wiki mbili hivi, wakachoka.

Uji wa lishe ndio uliniponza zaidi, kwa kuwa una jina zuri. Unga wake mara nyingi umechanganywa ngano, na soya iliyomo huzuia dawa ikinywewa karibu nayo. Nunua ulezi mwenyewe, uoshe, na mashineni uulize kilichosagwa kabla yako. Mchana sina shida: mtori, kiburu, ndizi nyama, makande. Kwenye sherehe za kazini bia ni ya shayiri, ndugu ya ngano, naiacha. Mbege ni ndizi na ulezi, hiyo nashika kata bila wasiwasi.

Kwa bosi usipeleke historia ya ugonjwa, peleka ombi. Mimi nilisema: "Mzee, kila dozi ikibadilishwa napimwa baada ya wiki sita hadi nane. Naomba asubuhi hiyo, nitafidia jioni." Akakubali kabla sijakaa. Juni na Julai, mlima ukijifunika wingu wiki nzima, nakaa ghalani na sweta mbili. Nikiona naganda kuliko wenzangu wote, na usingizi unanivamia mchana, dalili za tezi kulegea, siendi kununua sweta ya tatu, naenda kupima.

Ukizidiwa kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri atataka cheti cha daktari. Kipeleke mapema, na nakala ubaki nayo wewe.