Triathloni ya mke na mume Paje: anzeni na maji

Mimi na mume wangu tumeshafanya triathloni mara nne, zote Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, bila mashindano, bila medali na bila mtu wa kutupigia makofi isipokuwa watoto wa njiani. Tunaogelea mita 750, tunaendesha baiskeli kilomita 20, tunakimbia kilomita 5. Huo ndio urefu mfupi unaotambulika katika mchezo huu. Ule wa Olimpiki, ulioingia Sydney mwaka 2000, ni mara mbili yake. Tunaingia majini pamoja na tunamaliza pamoja, na majirani kila wakituona tunafunga baiskeli juu ya gari huuliza tunafanyaje. Basi haya.

Hatua ya 1: Amueni ni triathloni ya namna gani

Kuna namna tatu. Ya kwanza kila mtu na lake, mkutane mwisho. Ya pili ni kupokezana: mmoja anaogelea, mwengine anapanda baiskeli, kukimbia anamalizia yeyote mwenye pumzi. Hii inawafaa sana wale ambao mmoja wao hajui kuogelea kabisa, na wala si ya kuonewa haya. Ya tatu ni yetu, bega kwa bega mwanzo hadi mwisho.

Mkichagua ya tatu, wekeni sharti hili kabla hamjanunua hata miwani ya kuogelea: aliye dhaifu katika sehemu ile ndiye anayeongoza kasi. Mume wangu kazaliwa pwani, anaogelea tangu hajaanza skuli, lakini kichwa juu, kama mtu anayetafuta mtumbwi wake uliopotea. Mita 200 kachoka. Mimi nilijifunza ukubwani, na kwa kuwa nilifundishwa naogelea polepole lakini sichoki. Juu ya baiskeli mambo yanageuka, ananiacha kama nimesimama. Kukimbia tunakaribiana, na hapo ndipo tunapogombana.

Sharti la pili ni neno "basi". Yeyote akilisema, wote wawili mnasimama. Hakuna "kidogo tu", hakuna "tumekaribia". Mazungumzo yatafanyika nchi kavu.

Hatua ya 2: Tafuteni siku kwenye mwezi, si kwenye kalenda ya ukutani

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na sisi tuliharibu.

Paje maji yakitoka, yametoka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inarudi nyuma mpaka karibu na mwamba, inabaki michanga, majani na vidimbwi, na kina mama wa mwani wako kazini kwenye vitalu vyao. Huwezi kuogelea humo hata ukitaka. Na bamvua la Unguja hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, likapwa saa nne asubuhi. Kwa hiyo ile Jumapili ya mwezi mpevu mliyoiona nzuri, saa mlizozipanga kuogelea ndizo bahari itakapokuwa haipo.

Kila siku maji huchelewa, kwa wastani dakika 50 hivi. Hesabuni tangu mwezi mosi, yaani siku ya kwanza tangu mwezi kuandama: mkifika mwezi sita au saba, siku ya sita au ya saba, maji yanajaa kwenye saa mbili asubuhi. Yanarudia tena mwezi ishirini na ishirini na moja. Hizo ndizo siku zetu. Maji yamekaribia kuwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo wake ni mpole. Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Saa kamili itazameni kwenye ratiba ya maji, kisha mpigieni mvuvi wa pale mumuulize. Akicheka, badilisheni siku.

Ingieni dakika 90 kabla ya maji kujaa, mtoke kabla hayajageuka. Maji yanayojaa yanawarudisha pwani. Yanayokupwa yanatafuta mlango wa mwamba ili yatoke nje, na mtu aliyechoka yanamchukua.

Sasa kisa chetu. Ratiba za kwenye simu huandikwa kwa saa za kizungu. Ilisema 08:10. Mume wangu akasoma saa nane na dakika kumi, akaniambia, "Maji yanajaa saa nane mchana," nami nikaamini, tukapanga siku nzima kwa hiyo saa nane: mama aje kukaa na watoto, gari la kuazima, chakula. Tumefika Paje saa saba na nusu, jua limesimama utosini, maji yanakwenda zake, na kufika saa nane yalikuwa magotini. Tulikuwa tumesimama mle na kofia zetu za kuogelea, akapita bibi mmoja na fungu lake la mwani kichwani. Akatutazama kutoka chini mpaka juu. "Wanangu, mnavua pweza kwa miwani hiyo?"

Tangu siku ile karatasi ya maji inakaa kwenye friji, na kila saa imeandikwa mara mbili, ya kizungu na yetu.

Kuhusu majira: tunapenda maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari inalala. Kasoro yake ni mvua. Kusi na kaskazi zikishika, Paje hujaa watu wa vishada vya baharini, wale wanaovutwa na kishada juu ya ubao, na kamba zile si za kuchezea. Hao hutoka zaidi upepo ukikaza, kwa hiyo asubuhi na mapema njia ni yenu.

Hatua ya 3: Wiki 12

Kwa wiki: kuogelea mara 2, baiskeli mara 2, kukimbia mara 2, siku moja kulala. Kuogelea msikupangie Jumanne na Alhamisi, kwa sababu bahari haijui Alhamisi. Andikeni kwanza siku ambazo maji yanawaruhusu, halafu baiskeli na mbio zijaze mapengo. Mwenye watoto wadogo ajue kwamba mazoezi ya nchi kavu mtafanya kwa zamu, mmoja anatoka baada ya sala ya alfajiri, mwengine anatia chai kwenye chupa. Pamoja mtakuwa majini tu, na hapo ndipo mnapohitajiana.

Wiki ya nane jipimeni kwa kipande kidogo. Sisi tuliazima vipimo vya kupokezana kwa mchanganyiko kule Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021: kila mchezaji aliogelea mita 300, akaendesha kilomita 6.8, akakimbia 2. Mkimaliza hicho mnacheka, mtamaliza na kikubwa.

Hatua ya 4: Kuogelea

Asiyejua kabisa atafute mtu wa kumfundisha, mwongozo wa maandishi haumfundishi mtu kuelea. Kwa anayejua kidogo, anzeni kwenye maji ya kifua na mwende sambamba na ufukwe, msielekee mwamba. Wakati wowote mkishusha miguu mguse mchanga.

Mume wangu ilimchukua wiki tatu kuzamisha uso. Mtu akiinua kichwa miguu inazama, akizama miguu anaburuta maji kama nanga. Nilimfanyisha zoezi moja tu: lala kifudifudi, mikono mbele, uso ndani, pumua nje kwa mapovu, usifanye lolote mpaka uelee kama jani la mkungu. Akilipata hilo ndipo miguu, kidogokidogo kutoka nyongani, na mikono mwisho.

Baharini hakuna mstari chini wa kufuata. Chagueni mnazi mmoja mrefu au paa pwani, na kila mikono minane inueni macho, macho tu, muuone.

La wawili ni hili. Mimi nahema upande wa kushoto, yeye kulia. Kwa hiyo yeye huwa kushoto kwangu. Kila tukigeuka kuvuta hewa tunatazamana, nusu uso, jicho moja ndani ya kioo chenye matone. Naliona lile jicho. Likiwa limetulia naendelea, likianza kutoka najua "basi" inakuja hata kama hajaisema.

Kila mmoja anavuta dumu la njano la mafuta ya kupikia, la lita 5, tupu, kifuniko kimekazwa, kwa kamba ya mita moja na nusu kiunoni, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja. Mashua inaliona kwa mbali, na ukichoka unalikumbatia. Siku yenyewe tunamlipa mvuvi atufuate na ngalawa.

Shumu, wale wa miiba, wapo, ingieni na viatu vya plastiki mviache kwenye ngalawa. Konyeza, wale wa kuwasha, wakiwa wengi, rudini nyumbani. Na vijiti vya mwani, ambavyo maji yakijaa huvioni: nina kovu la kijiti chini ya mbavu. Waulizeni wenye vitalu safu ya mwisho inaishia wapi. Pia ni adabu, lile ni shamba la mtu.

Hatua ya 5: Nguo, na kazi ya doti moja ya kanga

Ile suti ya mpira wanayovaa Ulaya msiitafute, bahari yetu ni ya moto. Mimi navaa nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali yake, yenye kubana, kwa sababu kitambaa kipana kinashika maji. Nikitoka naongeza shati refu juu yake, maana baiskeli inapita katikati ya mji wa watu. Mume naye avae vazi la kumfika magotini.

Kubadilisha ufukweni, chukueni doti ya kanga. Kipande kimoja mume anakishika kama pazia, cha pili ni taulo. Miguu isuguliwe mchanga wote mpaka katikati ya vidole kabla ya soksi. Mara ya kwanza nilifanya haraka kwa sababu mtu alikuwa ananihesabia dakika nyuma ya pazia, na kwenye kilomita ya nne ya kukimbia kisigino kilikuwa kinatoa damu. Siku hizi mshika kanga hasemi kitu.

Hatua ya 6: Baiskeli

Helmeti ifungwe kidevuni kabla mkono haujagusa baiskeli. Ndiyo sheria ya mashindano, nasi tumeifanya ya kwetu. Tunashika barabara ya Jambiani kuelekea Makunduchi, kilomita 10 kwa kipimo cha simu, tunageuza. Wakati wa kusi upepo unakupiga uso kwenda na kukusukuma kurudi. Kwa kaskazi ni kinyume chake, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu unalipa ukiwa umechoka.

Yeye mbele, mimi nyuma ya gurudumu lake kama mita moja. Anayefuata nyuma anakatiwa upepo na anatumia nguvu kidogo, hivyo ndivyo tunavyolinganisha kasi zetu. Wa mbele ana kazi ya mdomo: "Tuta!" "Mbuzi!" "Daladala!" Asiposema, wa nyuma anamvaa. Mkija kuingia kwenye mashindano ya wazi ulizeni kwanza, kwa sababu kwa wasiokuwa wa kulipwa mara nyingi kufuatana karibu hivyo kunakatazwa, mtu anatakiwa abaki mita 10 au 12 nyuma.

Baiskeli yoyote yenye breki nzima inafaa. Ya kwangu ilikuwa ya kwendea kazini. Bebeni tyubu ya akiba, pampu na spana, na mjue kuvitumia, maana fundi wa kule asubuhi ile huenda bado amelala.

Hatua ya 7: Kukimbia

Ukishuka kwenye baiskeli miguu si yako, ni magogo. Dawa ni kuizoesha: kila mkirudi na baiskeli mazoezini, kimbieni dakika 10 papo hapo kabla ya kukaa.

Msipange kukimbilia ufukweni. Maji yamejaa, mchanga mgumu uko chini yake, uliobaki juu ni ule wa kuzama. Piteni njia ya ndani ya kijiji, kuna vivuli. Maji ya kunywa: lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, ndimu kwa ladha. Mkataba wetu wa kutogombana ni kwamba anayeruhusiwa kusema ni yule wa nyuma.

Hatua ya 8: Mkimaliza

Kivulini kwanza, dafu, tende, kisha ndiyo picha. Tunakwenda na dumu la lita 20 la maji ya bomba kutoka mjini, na halihusiani na kuoga: ni la baiskeli. Chumvi ya Paje inakula mnyororo kwa siku mbili. Mwageni kote, pangusa, tieni oili hapohapo kabla hamjapakia. Urojo unangoja mjini, hauharibiki.

Ya tano tumeipanga Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku ya saba. Yeye aliitaka Mfungo Mosi, lakini mwezi huo mimi nafunga zile siku sita. Kwenye friji nimeshaandika, saa zote mbili, na ya kizungu nimeizungushia kalamu nyekundu.