Jinsi ya kuishi na jirani wa "sogea tukae" bila kuuza imani yako na bila kumfukuza

Naanza na kosa langu ili usije ukadhani anayeandika hapa ni mtakatifu. Nyumba tunayokaa ina vyumba sita na koki moja uani, chumba cha pili yupo dada mmoja na jamaa yake, wana mtoto, ndoa hakuna, ile tunayoita sogea tukae. Jumamosi moja sala ya jumuiya, ile ya Wakatoliki wa mtaa, ilikuwa kwangu, akaja, mtoto mgongoni na chupa ya chai mkononi maana alijua chai yangu haitatosha watu wote. Tukafika kwenye nia, kila mtu anaomba lake, zamu yangu ilipofika nikatoa sauti ya upole kabisa nikasema tuwaombee wanaoishi kinyumba bila ndoa wapate hofu ya Mungu, ee Bwana twakuomba. Wote wakaitikia, ee Bwana utusikie. Na yeye akaitikia, afanyeje sasa, amekaa katikati ya watu kwenye mkeka. Mimi nikajiona nimehubiri. Sala ilipoisha akabeba chupa yake, chai bado iko nusu, akarudi chumbani, na jumuiya hakukanyaga tena miezi mingi.

Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyajua kwa kuharibu kwanza.

Anza na neno lenyewe

Ukisema uvumilivu watu wanaelewa vitu viwili tofauti kabisa, kuna wanaodhani maana yake ukubali kila kitu na ufute amri za Mungu, na kuna wanaodhani ni kung'ata meno huku unaomba jirani ahame. Sasa fungua Waefeso 4:2 kwenye Biblia yetu ya Union Version uone, imeandikwa "mkichukuliana katika upendo". Kuchukuliana. Mimi nikuchukue na wewe unichukue. Mzigo haubebwi kwa mbali, lazima uusogelee uinue, na anayebeba hatakiwi kudanganya kwamba mzigo ni mwepesi. Mimi naamini ndoa ni sakramenti na kukaa bila ndoa ni makosa, sijabadilika hapo, kilichobadilika ni umbali ninaosimama ninapoliamini hilo. Na usisahau kwamba kitenzi hicho kinakwenda pande zote mbili, yeye pia ananichukua mimi na redio yangu ya saa kumi na moja alfajiri.

Jua ni nani anayekuhusu

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Kwenye 1 Wakorintho 5 Paulo anawaambia wasichangamane na wazinzi, na watu wanaukamata huo mstari wanaanza kukwepa hata kusalimia dirishani. Soma mpaka mwisho. Anafafanua kwamba hasemi wazinzi wa dunia hii, maana ingebidi mtoke duniani, na anauliza yeye inamhusu nini kuwahukumu walio nje. Anayemsema ni mtu wa ndani ya kanisa aliyekaa na mke wa baba yake, na uamuzi wa kumtoa ulikuwa wa kanisa zima likiwa limekutanika, haukuwa wa mama mmoja wa chumba cha kwanza.

Kwa hiyo jirani Muislamu mwenye wake wawili huna kesi naye, dini yake inamruhusu na sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi. Jirani asiye na dini huna kesi naye pia. Akiwa Mkristo mwenzako unalo jukumu, lakini Mathayo 18:15 imeshakupangia utaratibu, unamwendea wewe na yeye peke yenu. Peke yenu! Haijasema kwenye nia za jumuiya wala kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, wala kwa kumtumia clip ya mahubiri saa sita usiku bila salamu.

Na kanisa linazo taratibu zake tayari. Sisi Wakatoliki anayeishi bila ndoa hapokei komunyo, lakini kusali anasali, misa anahudhuria, mtoto wake anaweza kubatizwa ilimradi kuna tumaini la kweli atalelewa kwenye imani. Walutheri wana utaratibu wao wa kurudi kundini, Wapentekoste wengi watakusimamisha huduma kwanza. Hiyo kazi ina wenyewe, wewe huhitaji kuongeza adhabu yako ya kumnunia kwenye koki.

Ulizia kabla ya kuhubiri

Miaka miwili nilimsema huyu dada na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kwa nini hawajafunga ndoa. Nilipokuja kujua, kumbe jamaa alishapeleka barua, akatoa sehemu ya mahari, wazee wanadai iliyobaki, na upande wa mwanaume wanasema hakuna ndoa bila ukumbi na MC maana wao ni familia inayojulikana. Yaani wenye kizuizi walikuwa wazee wetu wenyewe, Wakristo wazuri wanaokaa benchi la mbele, mimi namnyooshea kidole binti.

Kwa hiyo uliza, lakini usiulize kama askari wa trafiki. Subiri siku mnachambua mchicha, sema tu "mdogo wangu, mambo ya nyumbani kwenu yamefikia wapi?" halafu nyamaza. Akijibu kwa mkato, badilisha stori. Akifunguka, msikilize mpaka amalize, usirukie na mstari wa Biblia katikati.

Na ukishajua kinachokwamisha labda una msaada wa maana kuliko mahubiri. Parokia nyingi zinafanya ndoa za pamoja, wanafunga kadhaa kwa misa moja. Kuna ndoa ya misa ya asubuhi, nguo ya kawaida iliyopigwa pasi, mashahidi wawili, mnakunywa chai nyumbani imeisha hiyo. Matangazo ni Jumapili tatu. Wengi hawajui kwamba kanisa halidai ukumbi, ukumbi tunaudai sisi na kadi zetu za mchango. Jambo lingine, sheria hiyohiyo ya 1971 kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, inachukuliwa kuwa wana ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kanisani haihesabiki, ila mahakamani inaweza kumsaidia mama na watoto siku jamaa akiamua kubeba begi. Mwambie hilo hata kama hupendi anavyoishi. Hasa kama hupendi.

Mdomo

Akikuuliza unaonaje, sema ukweli wako, mara moja, kwa sentensi fupi. "Mimi naamini ndoa ndiyo njia ya Mungu na ningefurahi sana kukuona unafunga, ila hata usipofunga mimi ni dada yako." Inatosha. Ukisema mara ya pili bila kuulizwa inakuwa kero, mara ya tatu huyo ni wewe unajisikiliza sauti. Kuna watu watasema Yesu aliwakemea wadhambi, sawa, lakini angalia mpangilio wake. Yule mwanamke wa Yohana 8 aliyefumaniwa kwenye uzinzi, kwanza aliwaondoa wenye mawe, ndipo akamwambia mimi sikuhukumu, ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Sisi tunaanza na ya mwisho huku mawe tumeyashika mkononi. Na kwa Zakayo mtoza ushuru alijialika nyumbani kabla Zakayo hajarudisha hela ya mtu.

Maombi nayo yachunge. Kuna sala za kumuombea mtu na kuna sala za kumsema mtu Mungu akiwa shahidi. Kipimo changu siku hizi ni rahisi, kama siwezi kumtaja jina mbele yake kwa upendo basi naenda kuomba chumbani nimefunga mlango.

Mialiko

Birthday ya mtoto, nenda. Msiba wa kwao, nenda, na upike. Hapa hata hakuna mjadala. Sherehe yenye bia wewe ni mlokole hunywi, nenda ukanywe soda, kaa saa moja, aga vizuri. Warumi 14 imeandikwa kwa ajili ya watu wanaogombana kuhusu kula na kunywa, na Paulo anawakemea wote wawili, anayekula asimdharau asiyekula na asiyekula asimhukumu anayekula. Kama ni kitu dhamiri yako inakataa kabisa, kataa kwa adabu bila hotuba, sema sitaweza ila Jumapili nitapita kuwaona, halafu upite kweli.

Na usidhani makanisa yalikuwa na jibu moja siku zote. Maaskofu wa Anglikana kwenye mkutano wao wa Lambeth, Uingereza, mwaka 1888 waliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Miaka mia moja baadaye, 1988, mkutano huohuo ukaruhusu abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, asiongeze mke mwingine, na asilazimishwe kuwaacha alionao kwa sababu wanawake hao wangepata shida. Msimamo wao kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja haukubadilika. Waligundua tu nani alikuwa analipia gharama ya ule msimamo, yule mke wa pili aliyerudishwa kwao na watoto.

Nikiongea haya huwa haikosi mtu wa kuniuliza "na mashoga je?" Swali la kweli, halihitaji kukwepwa. Wakristo hawajakubaliana. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaamini ni dhambi, na Katekisimu ya Katoliki inasema vitendo hivyo ni kosa, lakini katekisimu hiyohiyo inataka watu hao wapokelewe kwa heshima na huruma na wasibaguliwe isivyo haki. Januari 2023, siku chache kabla ya kuja Kongo na Sudan Kusini, Papa Fransisko alisema ushoga si jinai, kisha akakumbusha kwamba dhambi ni kitu kingine. Kuna viongozi wa makanisa huku kwetu waliounga mkono sheria kali. Mimi nakuambia ninavyofanya, nikisikia mtaani watu wanakusanyika kumpiga mtu, siangalii anaishi vipi, napiga kelele kwa mjumbe. Hata jiwe dogo silitupi.

Mpaka uko wapi

Kuchukuliana kuna mwisho. Ukisikia kipigo chumba cha pili hapo hamna cha "ni maisha yao", gonga mlango, ita watu, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mtoto anaumizwa, piga 116, ni bure. Kuna watu wananyamazia ngumi wanaita uvumilivu, halafu sogea tukae hawaivumilii, mimi nashindwa kuwaelewa.

Kama umeshaharibu

Mimi nilikaa muda mrefu kabla ya kuomba radhi, kiburi tu. Siku moja nikamkuta kwenye koki anasubiri ndoo ijae, nikamwambia mdogo wangu ile Jumamosi nilikukosea. Hakuniangalia, aliangalia maji. Akaniuliza "dada, siku ile ulikuwa unaniombea au unanisema?" Nikamwambia nilikuwa nakusema. Ndoo ikajaa, akafunga koki, akaniambia nimsaidie kujitwisha.

Ndoa bado hawajafunga. Mahari imebaki kidogo. Wiki iliyopita jumuiya ilikuwa chumba cha tano, akaja, chai alileta yeye.