Ulishtakiwa kwa hila, ukaachiwa huru: namna ya kudai fidia Tanzania

Hukumu ya kukuachia huru haileti fidia yenyewe. Unafungua shauri jipya la madai dhidi ya aliyekusababishia kesi, na safari hii mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Utathibitisha kwamba mdaiwa ndiye aliyesababisha ushtakiwe. Kwamba kesi iliisha kwa upande wako. Kwamba hakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki. Kwamba alisukumwa na nia ovu. Na kwamba ulipata hasara. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika rufaa iliyotoka Uganda, ilisisitiza kuwa mambo haya lazima yawepo yote kwa pamoja. Likikosekana moja, dai limeanguka.

Anza na karatasi. Omba mahakamani nakala zilizothibitishwa za hukumu na mwenendo wa shauri, kisha soma kesi iliishaje. Kama mashtaka yaliondolewa kabla hujaanza kujitetea, kwa kawaida unaweza kushtakiwa upya, na mdaiwa atasema kesi haijaisha kwa upande wako.

Una miaka 3 ya kufungua shauri la madai, kuanzia siku kesi ya jinai ilipokwisha. Ukidai pia fidia kwa kuwekwa mahabusu isivyo halali, hilo ni dai tofauti na muda wake haungoji hukumu. Wengi hulipoteza hapo.

Kikwazo kikubwa ni sababu ya msingi. Mwenye duka aliyeibiwa, akijua ufunguo ulikuwa kwa mlinzi wa zamu peke yake, akaripoti alichokijua, hana kosa hata mlinzi akishinda kesi. Mahakama haitazami kama ulikuwa na hatia. Inatazama mdaiwa alijua nini siku ile na kama aliamini kwa uaminifu. Kwa hiyo hukumu inayosema tu kuwa ushahidi haukutosha haikusaidii sana.

Hali ni nyingine kwa jirani anayeripoti wizi wa mazao huku akijua shamba hilo mnaligombania kwenye baraza la ardhi. Tafuta ushahidi wa alichokijua: meseji, vitisho alivyotoa mbele ya mtendaji wa kijiji, na hasa maelezo yake polisi ukiyalinganisha na ushahidi wake kizimbani. Pale alipoficha jambo au kubadili kauli ndipo nia ovu huonekana.

Utetezi mwingine utakaousikia ni "mimi niliripoti tu, polisi ndio walioamua." Una nguvu kama alieleza ukweli akawaachia polisi wapeleleze. Unadhoofika kama alitunga habari ambazo wao wasingeweza kuzipima, au alitengeneza mashahidi.

Ukiwadai polisi, yaani Serikali, wape kwanza notisi ya siku 90 ya kusudio la kuwashtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, umuunganishe huyo kwenye shauri, na ufungue Mahakama Kuu. Ukiruka notisi, shauri litaondolewa kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayoamuliwa kabla ya ushahidi, huku muda wako ukiendelea kukatika.

Hasara mahususi, kama ada ya wakili, nauli za kuhudhuria kesi na mshahara uliokatwa, ziorodheshe kwa tarakimu kwenye hati ya madai na uambatishe risiti. Usichokitaja hakilipwi. Fidia ya jumla kwa aibu na mateso hukadiriwa na mahakama yenyewe, hivyo eleza yaliyokupata badala ya kutaja mamilioni.