Bolti ikikatikia kwenye injini: usikimbilie drili

Kabla hujatafuta drili, kumbuka bolti ilikatika ukiwa unafanya nini. Hapo ndipo utajua kama kazi ni ya dakika tano au ya siku mbili.

Kama ilikatika wakati unakaza, una bahati. Kichwa kikishang'oka, mkazo uliokuwa umeibana unaisha, na kisiki kilichobaki ndani mara nyingi kimelegea. Weka ncha ya sentapanchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama) pembeni mwa kisiki, karibu na ukingo, iinamishe, ugonge taratibu kuelekea upande wa kufungua. Kikianza kuzunguka, malizia kwa bisibisi ndogo au hata sindano ya kushonea magunia. Wengi hawajaribu hili. Wanatoboa bolti ambayo ingetoka kwa kusukumwa na kucha.

Kama ilikatika wakati unafungua, hesi (ile mistari ya kuzungukia) zimeshikana kwa kutu kuliko uimara wa bolti yenyewe. Bolti nzima imeshindwa, sasa kisiki ukikitoboa katikati kitaweza vipi? Lazima kwanza uilegeze kutu yenyewe, na hiyo inataka mafuta, mtikisiko, joto na subira.

Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, hayali chuma kama bahari inavyokula magari ya Dar. Lakini gari nyingi zilizopo Mwanza zimeshatumika Japani, na zile zilizotoka sehemu za baridi kali kama Hokkaido zimepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Ukiona chini pamebabuka kutu, chukulia kwamba stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi ya ekzosi na bolti za sampo (trei ya oili chini ya injini) zimeshakamata. Vivyo hivyo gari iliyobeba kayabo, samaki wa chumvi, kutoka soko la Mwaloni miaka mitatu.

Namba ya spana na namba ya bolti

Gereji nyingi zinaiita bolti kwa spana inayoifungua. Ukienda dukani kutafuta tapu (kifaa cha kukata hesi) na kusema "ya namba 10", utapewa tapu ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, wakati bolti yako ni M6. Kwenye Toyota nyingi mpangilio ni huu: spana 10 ni M6 yenye hesi ya milimita 1 (umbali kati ya mstari na mstari), spana 12 ni M8 yenye hesi ya 1.25, spana 14 ni M10, na hesi yake kwa kawaida ni 1.25, spana 17 ni M12 ya 1.25.

Hiyo M10 ndiyo inayowatesa watu. Bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi huwa na hesi ya 1.5. Inaingia kwa mkono mizunguko miwili, inang'ata, mtu anaongeza spana, na tayari hesi za alumini zimechanika au bolti nyingine imekatika. Bolti ikigoma kuingia kwa vidole angalau mizunguko minne, itoe uitazame.

Mafuta, nyundo, joto

Safisha kisiki kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha weka mafuta ya kulegeza kutu. Kama huna ya kopo, changanya mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu kwenye chupa ya kioo, utikise kila unapotumia kwa sababu hujitenga. Dizeli nayo inasaidia, ila polepole. Paka jioni, gonga kisiki mara kumi kumi kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye, rudia usiku, kifungue asubuhi. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo mchanganyiko huo na kazi ya moto visikutane siku moja mahali pamoja.

Joto linafanya kazi tofauti kulingana na chuma. Stadi iliyokatikia kwenye chuma cha kusubu, mfano manifoldi ya ekzosi au bloku ya injini ya 5L ya Hiace, unaweza kuichoma mpaka iwe nyekundu ya giza, uiache ipoe kiasi, kisha uguse ukingo wake kwa mshumaa. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya hesi kama wino kwenye karatasi. Ukiona imezama, jaribu kuzungusha.

Alumini ni habari nyingine. Ile ya injini inayeyuka hata chini ya nyuzi joto 660, na haiwi nyekundu kwanza kukuonya. Inatazama tu, kisha inadondoka. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Vitz, IST na Probox ina hedi na bloku ya alumini, kwa hiyo choma eneo linalozunguka bolti huku mwali ukitembea, mpaka tone la maji likidondoshwa pale liruke na kuchemka papo hapo. Inatosha. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko bolti.

Kuchomelea nati

Kwa kisiki kilichokamata, hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote, na mafundi wa kuchomelea hawakosekani Mabatini wala Igoma. Hata kisiki kilichokatika sawasawa na uso wa hedi kinatoka, kwa sababu chuma cha kuchomelea hakishiki kwenye alumini. Kinashika kwenye kisiki tu.

Kabla ya kuwasha mashine, ng'oa waya hasi wa betri, chomoa soketi za kontroliboksi (kompyuta ya injini) na za altaneta. Arthi (waya wa mashine wa kurudisha umeme) ibanwe kwenye injini karibu kabisa na bolti, isiwe kwenye bodi wala bampa, maana umeme ukipita kwenye beringi au sensa utaviua. Futa mafuta yote uliyopaka, funika paipu za petroli, na weka ndoo ya mchanga karibu.

Tumia nati kubwa kwa saizi moja: kisiki cha M6 nati ya M8, kisiki cha M8 nati ya M10. Nati iliyopakwa zinki ikwangue kwanza kwa tupa. Moshi wa zinki ni sumu na mchomeleo wake una matundu. Weka nati juu ya kisiki, na kama hedi ni ya chuma cha kusubu tanguliza washa chini yake, kwa sababu huko chomeleo linaweza kushika mahali pasipotakiwa. Rodi ya 2.5, ampea 70 hadi 90. Anza katikati kabisa, ujaze shimo la nati kutoka chini kwenda juu bila kusita. Kosa la kawaida ni kuchomelea ukingo wa juu wa nati tu: inaonekana imeshika, ukiizungusha inabanduka na kisiki hakijaguswa.

Acha ipoe mpaka wekundu uishe kabisa, gusa kwa mshumaa, kisha tumia spana ya ringi. Usivute upande mmoja. Kaza kidogo, legeza kidogo, mwendo wa nywele mbili mwanzoni. Ukisikia mlio wa "kwii" na vumbi la kahawia likitoka, inakuja. Robo ya mzunguko ikishapita, usiendelee kufungua: rudisha nyuma, ongeza mafuta yasiyo na asetoni, ufungue tena. Vumbi la kutu likirundikana mbele ya hesi linaibana bolti upya na kuikatia ndani zaidi. Nati ikibanduka, weka nyingine. Mara tatu au nne ni kawaida, na kila joto jipya linaisaidia kutu kuachia.

Ukilazimika kutoboa

Kazi ngumu hapa ni kupata katikati. Chuma cha bolti ni kigumu kuliko alumini inayoizunguka, kwa hiyo biti ya drili ikipotoka hata milimita moja itakimbilia kwenye alumini na kula hesi upande mmoja. Sawazisha uso wa kisiki kwa tupa au jiwe dogo la kusagia. Weka alama kwa sentapanchi, itazame kutoka pande mbili, na kama imekaa pembeni isukume kwa kugonga ikiwa imeinama. Njia nzuri zaidi ni kurudisha kifaa chenyewe, tuseme kava ya themostati au wota pampu, ukifunge kwa bolti zilizobaki, kisha uingize kwenye tundu lake kipande cha bomba kinachobana vizuri nje na ndani kinapitisha biti tu. Hapo biti haina pa kukimbilia.

Anza na biti ya milimita 2.5 au 3, mwendo wa polepole, mafuta kila baada ya sekunde chache. Inapokata vizuri hutoa nyuzi zilizojisokota. Ikitoa unga na mlio mkali, biti imeisha makali. Funga tepu kwenye biti kuonyesha kina cha kusimama, kwa sababu nyuma ya matundu mengi kuna njia ya maji au ya oili. Ukipata biti inayokata kwa kuzunguka kinyume, itumie; mara nyingi kisiki hujitoa chenyewe biti inapong'ata.

Vile vitoa bolti vyenye msokoto wa pembe, vinavyouzwa seti ya vitano kwenye kiboksi cha plastiki, vitumie kwa woga. Ni vigumu lakini vinavunjika kama kioo, na umbo lao la kabari linakipanua kisiki kibane zaidi tundu. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haitakikwaruza hata kidogo. Kitumie tu pale kisiki kilipokwisha kuonyesha dalili ya kulegea, ukishika mpini wa tapu kwa mikono miwili, nguvu sawa pande zote.

Kama hakitoki, toboa kwa hatua mpaka saizi ya hesi: M6 ni biti ya 5.0, M8 ni 6.8, M10 ya hesi 1.25 ni 8.8. Ukiwa katikati kweli, utabaki na ganda jembamba kama waya, ulitoe kwa sindano. Kisha pitisha tapu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta ya taa kwa alumini. Hesi zikiwa zimekwisha kuliwa, weka Helicoil, yaani spiringi inayokuwa hesi mpya. Kwa M6 toboa 6.3, kwa M8 toboa 8.3, tumia tapu inayokuja na seti hiyo, na spiringi yake izame nusu hesi chini ya uso. Ule ulimi wake wa chini uvunje na uutoe kwa koleo. Ukidondokea ndani ya silinda hedi, umejitafutia kazi nyingine.

Yapo ya kuacha. Bolti ya hedi iliyokatikia chini kabisa ndani ya bloku, plagi ya dizeli iliyokatikia kwenye hedi, au kitoa bolti kilichovunjikia ndani: shusha hedi au bloku, upeleke kwenye karakana ya kukereza vyuma yenye mashine ya kutoboa ya kusimama. Ukanda wa viwanda wa Nyakato ni mahali pa kuanzia kuuliza.

Kurudisha bolti mpya

Puliza tundu mpaka likauke, ukiwa umevaa miwani. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na mafuta au maji, bolti inapoingia inasukuma kimiminika kisicho na pa kwenda, na hilo hupasua bloku ya alumini. Nunua bolti iliyoandikwa 8.8 (alama ya uimara) kichwani. Bolti nyeusi ya geti isiyo na alama ni laini, na stenlesi nayo hupenda kung'ang'ania. Stadi za ekzosi zipake grisi ya shaba.

Bila spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm), tumia mizani ya kuning'inia, ile ile ya kupimia sangara. Funga kamba kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, ninginiza mizani hapo na uvute ukiwa umeunda pembe mraba na spana. Kwa M6 inayotaka Nm 10, simama mizani ikisoma kilo 5. Kwa M8 ya Nm 22, kilo 11. Kitabu cha gari kikitaja toki nyingine, gawa Nm kwa urefu huo kwa mita, kisha gawa kwa 9.8: Nm 10 ÷ 0.2 ni 50, ÷ 9.8 ni kilo 5.1. Bolti ikianza kuzunguka bila mizani kupanda, acha hapo hapo: hesi zinachanika, na ukiacha sasa bado utaifungua kwa mkono.